Kura ya Uingereza Unayo Mfukoni, Mtanzania

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, mambo vipi? Karibuni tena kwenye chaneli. Leo sijajipodoa wala sijawasha ile taa ya mviringo. Nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, na macho mnayoyaona ndiyo haya haya. Nimesema nirekodi kabla usingizi haujanibeba, maana wiki nzima komenti zenu ni wimbo mmoja: "Dada, tumesikia Uingereza wanafukuza watu, unarudi lini?" Mwingine kaandika, "Rudi tu, shamba lipo." Ahsante, nimekusikia.

Jamani, si kwamba kila mwenye viza anafukuzwa. Ila moshi mnaouona una moto wake. Ngoja niwaeleze kilichopo, halafu niseme langu, ambalo najua wengine huku halitawafurahisha.

Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alitoa mapendekezo ya kubadilisha njia ya kupata ukaazi wa kudumu. Hayo ndiyo makaratasi tunayoyaota kila mtu. Ilikuwa ukifanya kazi miaka 5 kihalali, unaomba. Akasema iwe 10 kwa wengi, na kwa kazi zisizohitaji digrii, yaani sisi wa kea, tunaoogesha wazee, miaka 15. Na alitaka iwaguse hata walioshaingia, ambao bado wanahesabu miaka yao. Mtu kaja 2022 akijua 2027 anapumua. Leo anaambiwa goli limehamishwa, na mpira uko hewani.

Na huyo ni Labour, chama kilichoshinda uchaguzi wa 2024, ambacho watu wetu wengi huku wanakiona ni cha kwao. Nigel Farage, kiongozi wa chama cha Reform UK, yeye Septemba 2025 alisema moja kwa moja: akishika nchi, ukaazi wa kudumu anaufuta kabisa, kila mtu awe anaomba upya viza kila baada ya miaka 5. Sasa mwenye akili ajiulize, Labour wanashindana naye au wanamkimbiza wakimwiga? Mimi nasema wanamwiga. Mei 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alisimama akasema nchi hii iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Mwezi uliofuata akasema anajutia maneno yale. Maneno aliyajutia. Sera hakuigusa.

Kituko ni kwamba viza za kea hatukuziiba. Walituita wenyewe. Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilipita, Covid ikapita, nyumba za wazee zikawa hazina watu. Nafasi zaidi ya 160,000 zilikuwa wazi England peke yake. Februari 2022 serikali ya Boris Johnson ikafungua mlango. Watu wakauza viwanja Mbagala, wakauza ng'ombe, wakaja. Machi 2024 serikali ya Rishi Sunak ikasema wa kea mnaokuja, mume na watoto waacheni kwenu. Sunak huyo mama yake alizaliwa Tanganyika, na baba yake Kenya. Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani aliyesaini ule mkataba wa kupeleka wakimbizi Rwanda, wazazi wake walitoka Uganda. Suella Braverman, aliyemrithi wizarani, baba yake ametokea Kenya. Damu za kwetu hizi! Mtu akiwaambia kwamba mkubwa fulani atatuonea huruma kwa sababu ana asili ya kwetu, mwambieni akanywe maji alale.

Halafu Julai 22, 2025 Labour wakafunga mlango wenyewe: hakuna kuajiri mtu wa kea kutoka nje ya nchi. Hapa naongea na nyinyi wa nyumbani taratibu, mnisikie vizuri. Mtu yeyote Kariakoo, Moshi, Mwanza, Unguja, anayekwambia leo ana kazi ya kea Uingereza, mlipe milioni kadhaa akutumie sponsa, yaani barua ya udhamini ya mwajiri, huyo ni tapeli. Hata awe shemeji yako. Mlango umefungwa. Usiuze kitu.

Na hata hizo hesabu zao za kutisha watu zimekwisha badilika. Idadi ya wanaoingia ukitoa wanaotoka ilipanda ikapita 900,000 kwa mwaka mwaka 2023. Kufikia Juni 2025 ilikuwa imeshuka hadi 204,000. Imeshuka hivyo, na kelele ndiyo kwanza zimepanda. Ndiyo maana nasema hili si suala la idadi tena. Ni kura.

Basi tuje kwenye kura, maana ndiyo iliyonitoa usingizini.

Kuna mzee mmoja namhudumia, simtaji. Kapita miaka 90, miguu haibebi, tunamnyanyua na ile mashine ya kamba. Televisheni yake kutwa ni siasa, na Farage akitokea anaongeza sauti. Ananiambia, "Si wewe, wewe ni mzuri, ni wale wengine." Wale wengine ni akina nani, mzee wangu? Wale walio jikoni wanaokupikia uji? Nacheka tu, kazi iendelee. Sasa uchaguzi uliopita karatasi yake ya kura ilikuja kwa posta. Akaomba miwani, akaomba kalamu, akaomba ile meza ya magurudumu isogezwe. Nikasimama pembeni nimshikie karatasi isiteleze. Akanitazama, akasema, "Geuka huko. Kura ni siri." Nikageukia dirishani, nasikia kalamu inakwaruza. Akamaliza, akalamba bahasha mwenyewe, binti yake akaja kuichukua.

Mtu wa miaka 90 na zaidi, haendi chooni bila watu wawili, na kura kapiga. Zamu ile tulikuwa Watanzania, Mzimbabwe na Mghana, wote tuna haki ya kupiga kura ileile. Tukaulizana nani kapiga. Hakuna aliyejibu.

Ndiyo, mmesikia sawa. Wengi hamlijui hili, na wengi huku hawalijui pia. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola akiwa anaishi Uingereza na kibali halali, anapiga kura. Si ya diwani tu. Ya mbunge. Ile inayoamua nani awe Waziri Mkuu. Huhitaji uraia wao, huhitaji ukaazi wa kudumu. Una viza ya mwanafunzi? Unapiga. Una viza ya kea ya miaka 3? Unapiga. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na Mnyarwanda pia, maana Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009. Hata ile kura ya Brexit ya 2016, Mtanzania mkaazi alikuwa na haki ya kuipiga, wakati Mfaransa aliyekaa London miaka ishirini hakuwa nayo.

Hapo ndipo ninapochoka na watu wangu. Uchaguzi wa nyumbani wa Oktoba 2025, sisi wa huku hatukuwa na pa kupigia, tulikuwa watazamaji. Wakenya wenzetu walau 2022 walimchagua rais wao wakiwa London. Sisi tunalia kila siku, "tupewe kura ya diaspora, tupewe uraia pacha," na mimi niko mstari wa mbele kulia, video zangu zipo. Lakini kura ambayo hakuna aliyetunyima, tumeiacha sandukuni pamoja na makoti ya baridi.

Nawajua visingizio vyenu. "Nikijiandikisha, Uhamiaji watanijua nilipo." Ndugu yangu, Uhamiaji wana alama za vidole vyako vyote kumi, wana picha yako, wana anwani yako, wanajua mwajiri wako anakulipa pauni ngapi kwa saa. Wewe unajificha nini? Kama huna kibali halali, hapo ni kweli usijiandikishe, maana kutoa taarifa za uongo ni kosa na utajiponza. Mwenye kibali hana cha kuogopa. Tena kuwa kwenye daftari la wapiga kura kunakusaidia unapoomba mkopo, au simu ya mkataba. Wanaangalia kama upo pale. Nyie mnaokataliwa simu kila duka, mmeshawahi kujiuliza?

Kisingizio cha pili: "Kura yangu moja itafanya nini?" Mei 1, 2025, jimbo la Runcorn and Helsby, uchaguzi mdogo wa mbunge. Reform walipata kura 12,645. Labour walipata 12,639. Toa mwenyewe. Sita! Watu sita hawajai hata daladala mistari miwili. Na zaidi ya nusu ya wapiga kura wa jimbo lile walikaa nyumbani.

Mfumo wao ni kama wa kwetu wa majimbo, mwenye nyingi anachukua, wengine pole. Ndiyo maana mwaka 2024 Labour walipata asilimia 33.7 tu ya kura wakabeba viti 411. Reform walipata asilimia 14 na viti vyao vilikuwa 5. Kwa hiyo msidanganyike na ukubwa wa wingi wao bungeni, chini ni mwembamba, ukisukumwa kidogo unadondoka, na wao wanajua. Wanamwogopa mzee wangu wa kalamu. Wewe hawakuogopi, kwa sababu jina lako halimo daftarini.

Mimi naishi Birmingham. Hapa hakuna haja ya kusubiri uchaguzi wa bunge. Madiwani ni Mei 7, 2026. Jiji hili la pili kwa ukubwa Uingereza, Septemba 2023 halmashauri yake ilitangaza kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Mwaka uliofuata kodi ya halmashauri ikapanda karibu asilimia 10. Machi 2025 wazoa taka wakaingia kwenye mgomo kamili, mifuko myeusi ikarundikana mitaani, panya wakubwa kama paka wakawa habari ya dunia nzima. Mlinitumia zile picha nyinyi wenyewe mkicheka, "Dada, hiyo ni Ulaya au Tandale?" Nilikaa kimya siku ile kwa aibu ya jiji langu.

Sasa mtu anasema diwani hamhusu. Halmashauri ndiyo yenye wajibu wa kuhudumia wazee wasio na uwezo! Pesa ya wengi katika hizo nyumba za wazee inapitia pale. Wakibana pale, mwenye nyumba ya wazee anabana huku, na wa mwisho kubanwa ni wewe mwenye shifti: mlikuwa wanne usiku, mnakuwa watatu, wazee ni walewale. Halafu unakuja WhatsApp kulalamika mgongo unauma.

Simwambii mtu ampigie nani. Wengine huku wamechoka na Labour wanaenda Green, wengine Liberal Democrats, na msishangae, kuna Waswahili wenzetu wanaomshabikia Farage. Wameshapata makaratasi yao, wanataka mlango ufungwe nyuma yao. Ninao kwenye familia. Tunakula pilau pamoja Idi na tunanuniana. Ni haki yao, na wao, nawapa heshima, wamejiandikisha wote.

Kwa hiyo nyinyi wa nyumbani nawapa kazi. Mama mwenye mwanao Reading, baba mwenye binti Leicester, akipiga simu Jumapili, kabla hujamuuliza habari ya hela ya bati, muulize, "Umejiandikisha?" Watoto wenu wanawaogopa nyinyi kuliko sisi. Inafanyika mtandaoni, dakika chache, anahitaji namba yake ya bima ya taifa, ile iliyoko kwenye karatasi ya mshahara. Mwisho kwa uchaguzi huu wa Mei ni Aprili 20, 2026 usiku. Siku ya kupiga, England wanataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania inakubalika, hata ikiwa imeisha muda, ilimradi sura bado ni yako. Aliye zamu asisingizie shifti, aombe kura ya posta kama mzee wangu.

Naona swali la ndugu zetu wa Kongo na Burundi, linajirudia sana: nchi zenu hazimo kwenye Jumuiya ya Madola, kwa hiyo kura ya mbunge wa Westminster, yaani bunge kuu la Uingereza, hamna mpaka mpate uraia. Lakini aliye Glasgow au Cardiff anisikilize: Scotland na Wales walibadilisha sheria zao kati ya 2020 na 2021, mgeni yeyote mwenye kibali halali anachagua bunge lao na madiwani, kuanzia miaka 16. Mabunge hayo mawili nayo yanachaguliwa tarehe hiyohiyo, Mei 7. Wale vijana wa Kikongo wa Glasgow wanaoniandikiaga kila siku habari za muziki, leo nawadai jibu la kura. Niandikieni hapo chini jina la mtaa wenu na kama mmeshajiandikisha. Mimi nakwenda kulala.