Nani Anafungua Mlango wa Lifti?

YONA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, tuko hapa Dodoma mjini. Mimi ni Yona, na pembeni yangu yupo dada Rehema, fundi umeme ambaye siku hizi kazi yake kubwa ni lifti. Dada, habari za tangu juzi?

REHEMA: Nzuri, kaka Yona. Tunashukuru, vumbi tu.

YONA: Vumbi tutalifikia, maana lina kesi yake leo. Mada ni mlango wa lifti. Siyo lifti nzima, mlango tu. Nimeiomba mwenyewe mada hii kwa sababu mji wetu umebadilika haraka. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi 2016, sheria ya makao makuu ikapitishwa 2018, na maghorofa yakafuata: wizara kule Mtumba, hospitali, vyuo, hoteli, nyumba za kupanga. Mtu aliyeishi miaka yote nyumba ya chini, leo anampeleka mama yake kliniki ghorofa ya nne kwa lifti. Na hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza lolote kuhusu ule mlango.

REHEMA: Na ndiyo sehemu inayohitaji maelezo kuliko zote. Watu wengi wanaogopa kamba kukatika. Kamba za chuma zipo kadhaa, na chini ya chumba, kile unachopanda, kuna breki ya kukamata reli kikienda kasi kupita kiasi. Mimi nikifika kwenye jengo, kinachonipa wasiwasi kwanza ni mlango wa ghorofani.

YONA: Wa ghorofani, ukiwa na maana gani?

REHEMA: Kila inaposimama, lifti ina milango miwili. Kuna mlango wa chumba, huo unasafiri nao. Na kuna mlango uliofungwa pale ukutani, haubanduki, kila ghorofa ina wa kwake. Siku ukipanda, mlango ukishafunguka, tazama miguuni. Utaona vizingiti viwili vya chuma vyenye mifereji, na katikati yake uwazi mwembamba, mweusi. Viwango vya Ulaya, ambavyo hata watengenezaji wengi wa nje ya Ulaya wanavifuata, vinataka uwazi huo usizidi milimita 35. Ule weusi ndio shimo lenyewe la lifti, ambamo chumba kinapanda na kushuka.

YONA: Sasa katika hiyo miwili, upi una mota?

REHEMA: Wa chumba peke yake. Mota imekaa juu ya chumba, inazungusha mkanda, mkanda unavuta mbao za mlango zinazoning'inia kwenye reli kwa vigurudumu. Mlango wa ghorofani kwa kawaida hauna mota. Kwa hiyo hauwezi kufunguka kwa nguvu zake. Lazima chumba kifike, ndipo mlango wake uushike ule wa ghorofani na kuuvuta uende nao.

YONA: Subiri, hapo nataka ukae kidogo. Unaushika kwa kitu gani?

REHEMA: Mgongoni mwa mlango wa chumba kuna bapa mbili za chuma zimesimama wima. Upande wa mlango wa ghorofani kuna vigurudumu viwili vidogo vya mpira. Chumba kikisimama sawasawa, vile vigurudumu vinakuwa katikati ya zile bapa, au bapa katikati ya vigurudumu, inategemea mtengenezaji. Mota ikianza kuzunguka, bapa zinavibana kama vidole viwili vinavyoshika punje ya karanga. Kile kitendo cha kubana ndicho kinachoinua ndoano ya komeo la mlango wa ghorofani. Ndoano ikiinuka, milango yote miwili inaondoka pamoja.

YONA: Na chumba kama hakipo?

REHEMA: Hakuna wa kubana. Ndoano inabaki chini, mlango umefungwa. Na ndoano ina swichi yake: isipoingia kwenye tundu lake angalau milimita 7, swichi haiungi, na chumba hakiruhusiwi kuondoka. Kwa hiyo kuna masharti mawili yanayolindana. Mlango haufunguki bila chumba, na chumba hakiondoki bila mlango kufungwa.

YONA: Nilipokuwa nasoma kwa ajili ya leo, nikataka kujua nani alianza kuwaza hivyo. Nikakutana na Alexander Miles. Alizaliwa Ohio, Marekani, 1838. Mtu mweusi, kinyozi. Akaishia Duluth, jimbo la Minnesota, kule kando ya Ziwa Superior. Alikuwa na duka la kinyozi ndani ya hoteli, akapata fedha, akaingia kwenye viwanja na majengo. Na tarehe 11 Oktoba 1887 akapewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, namba 371,207 kwa mtambo wa kufungua na kufunga milango ya shimo la lifti.

REHEMA: Huko mtandaoni wanamwita mtu aliyevumbua lifti. Hilo si kweli, na kumpa mtu kisicho chake ni kumkosea. Lifti zilikuwepo kabla yake. Mmarekani mwenzake, Elisha Otis, alisimama juu ya jukwaa New York mwaka 1854, kamba ikakatwa watu wakitazama, breki yake ikashika. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ikaanza kazi kwenye duka moja la Broadway. Hata kwenye milango, Miles hakuwa wa kwanza. John Meaker alipata hataza ya kufunga milango ya lifti 1874.

YONA: Kwa hiyo sifa ya Miles ni ipi?

REHEMA: Jambo aliloliwekea nguvu zake. Zamani mlango ulikuwa kazi ya mtu. Mhudumu anafungua kwa mkono, abiria wanashuka, anafunga, ndipo lifti inaondoka. Wakati mwingine abiria wenyewe ndio waliofunga. Sasa siku mhudumu amechoka, amesahau, chumba kimekwenda ghorofa ya tatu na mlango wa ghorofa ya kwanza uko wazi. Anakuja mtu kwenye korido yenye mwanga hafifu, anajua lifti ipo, anapiga hatua. Breki ya Otis ingemsaidia nini huyo? Yeye hayumo hata ndani ya lifti.

YONA: Aisee.

REHEMA: Miles akafunga mkanda unaonyumbulika kwenye chumba. Ndani ya shimo, juu kidogo na chini kidogo ya kila ghorofa, akaweka dramu. Chumba kikipita, mkanda unagusa dramu, nyenzo na vigurudumu vinafanya kazi, milango inafunguka na kufunga kwa wakati wake. Mwendo wa chumba wenyewe ndio uliosukuma mlango. Mitambo ya leo haifanani na ya kwake, mkanda ule na dramu zile hutazikuta. Lakini wazo la kuufunga mlango wa ghorofani kwenye mwendo wa chumba, badala ya kumbukumbu ya mhudumu, hilo ninalikuta kila asubuhi nikipanda juu ya chumba na tochi yangu.

YONA: Alifariki 1918, na 2007 wakamwingiza kwenye orodha ya heshima ya wavumbuzi wa taifa lao. Mimi kilichonigusa ni kwamba kazi yake ya kila siku ilikuwa mkasi na wembe, lakini akakaa akawaza usalama wa watu asiowajua. Haya, turudi Dodoma. Vumbi.

REHEMA: Vumbi, kaka yangu! Mvua zikikatika, kuanzia Mei mpaka Novemba, upepo wetu unaujua. Vumbi linaingia mpaka kabatini. Sasa ule mfereji wa kizingiti ndio njia ya mlango. Chini ya mlango kuna vipande vya plastiki vinavyoteleza ndani ya mfereji ili ubao usipepesuke. Mchanga ukijaa mle, ukichanganyika na grisi au soda iliyomwagika, unakuwa tope gumu. Mlango unakwenda, unakwama sentimita mbili kabla ya kufunga, mota inahisi uzito, inafikiri kuna mtu, inaurudisha. Unafunga, unarudi. Unafunga, unarudi. Watu ndani wanaanza kuusukuma kwa mabega.

YONA: Hilo nimeliona mara nyingi. Na maganda ya karanga.

REHEMA: Maganda ya karanga, vizibo vya soda, changarawe kwenye soli za viatu. Na jengo likiwa bado linamaliziwa, lifti inabebeshwa saruji na vigae, hapo ndipo mlango unaumia kabisa. Mafundi wa lifti tukikutana, stori nyingi ni za mlango. Ndiyo sehemu inayotembea kuliko zote na ndiyo iliyo karibu na miguu ya watu.

YONA: Wahudumu wa usafi wafanyeje?

REHEMA: Brashi kavu, kila siku, na vumbi livutwe nje ya mfereji, lisisukumwe kwenye uwazi. Ninaona mtu anafagia korido nzima, takataka zote anazielekeza kwenye ule uwazi mweusi kwa sababu zinapotea. Hazipotei, zinaanguka chini ya shimo. Na maji ya kudekia ni mabaya zaidi: yanashuka ukutani, yanafika kwenye swichi za milango ya chini, swichi zinashika kutu. Dada zetu wa usafi hawana kosa hapo. Hakuna aliyewaonyesha. Mwenye jengo awaite siku fundi akija, dakika kumi zinatosha.

YONA: Watoto je? Nimeona mzazi anaweka mkono wa mtoto katikati ili mlango usifunge.

REHEMA: Hapana, hapana. Pale mlangoni kuna pazia la miale isiyoonekana kwa macho. Kile kiwango cha Ulaya kinaitaka ianze kuona sentimita mbili na nusu kutoka kwenye kizingiti mpaka urefu wa mita 1.6, na itambue kitu chenye unene wa milimita 50. Sasa kidole cha mtoto kina milimita 50? Ncha ya khanga? Mtandio? Kamba ya mkoba? Haviwezi kutegemewa kuonekana. Mlango ukigusa kitu, nguvu ya kusukuma isizidi niutoni 150, sawa na uzito wa kilo 15 hivi. Haimvunji mtu mzima, lakini kidole cha mtoto ni kitu kingine. Na khanga ikibanwa, ndoano inaweza kuingia vizuri na lifti ikaondoka. Bonyeza kitufe cha kufungua, kipo kwa kazi hiyo.

YONA: Umeme ukikatika, uko katikati ya ghorofa mbili, giza?

REHEMA: Piga kengele, piga simu iliyomo ndani, kaa chini. Hewa haitaisha, chumba kina matundu ya hewa. Usilazimishe mlango. Nitakwambia kwa nini. Chumba kikiwa kimesimama juu ya sakafu ya ghorofa, mtu anafanikiwa kufungua, anaona sakafu iko mita moja chini, anaona ni rahisi, anaruka. Akiruka vibaya anarudi nyuma, chini ya chumba, ndani ya shimo. Ndiyo maana chini ya kizingiti cha chumba kuna bati lililoshuka sentimita 75, kuziba huo uwazi. Lakini bati halizibi kila hali. Na fundi akija kukutoa, atakisogeza chumba kwanza mpaka kilingane na sakafu.

YONA: Sasa niulize hili linalonikera. Jengo moja hapa mjini, silitaji, nimemkuta mlinzi ana ufunguo wa pembetatu kwenye mnyororo wa funguo zake za geti. Lifti ikikwama anafungua mwenyewe.

REHEMA: Huo ufunguo unainua ndoano kwa mkono. Yaani kila nilichoeleza leo, cha Miles na cha sasa, unakipita kwa sekunde moja. Unafungua mlango ambao nyuma yake huenda hakuna chumba. Mlinzi anataka kusaidia watu wanaolia, ninamwelewa, lakini usiku, bila tochi, anafungua na kupiga hatua. Ufunguo ukae kwa mtu aliyefundishwa, na uandikwe nani kauchukua.

YONA: Na mpangaji wa kawaida, asiye fundi, anaweza kudai nini?

REHEMA: Aulize lifti ilikaguliwa lini na cheti kiko wapi. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndio wanaoisimamia. Halafu siku fundi yupo, aombe aonyeshwe jambo moja. Fundi aufungue mlango wa ghorofani kidogo kwa ufunguo wake, chumba kikiwa kwingine na umeme wa lifti umezimwa, kisha auachie. Ule mlango una springi au kipande cha uzito cha kuurudisha. Unatakiwa ujifunge wenyewe mpaka mwisho, usikie komeo likilia. Ukiishia njiani, hata kwa upana wa kidole, lifti isimame mpaka irekebishwe.

YONA: Ghorofa moja inatosha kupima?

REHEMA: Zote. Mlango mmoja ukiwa mbovu ndio huo huo mtu atakaoutegemea.

YONA: Hata ile ya juu kabisa ambayo bado haina wapangaji?

REHEMA: Aanzie hapo hapo. Huko ndiko vumbi limekaa miezi bila mtu kulipiga brashi, na wapangaji wakihamia, wa kwanza kupandisha makochi atakuta mlango ambao haujajaribiwa tangu jengo lilipokabidhiwa.