Korosho mbili mezani

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Kabla sijasema lolote kuhusu risasi na mahali pa kufanyia mazoezi ya shabaha, naomba mtazame mikono yangu. Nina korosho mbili. Moja naiweka ukingoni mwa meza, nyingine nimeishika hewani usawa uleule. Ile ya mezani naipiga kidole iruke mbele, na papo hapo naiachia hii ya mkononi. Sikilizeni.

Mmesikia? Zimegonga sakafu pamoja. Kijana pale nyuma anatikisa kichwa, basi narudia, safari hii kwa nguvu zaidi. Pamoja tena.

Risasi ni ile korosho ya mezani. Wengi tunadhani ikitoka kwenye mtutu huenda imenyooka kama uzi, halafu ikichoka ndipo hushuka. Sivyo. Huanza kuanguka pale pale inapoachana na mtutu. Kutoka mezani hadi chini ni kama sentimita 80, na korosho imetumia sekunde 0.4. Kwa muda huohuo risasi ya milimita 7.62 inayotoka kwa mita 800 kwa sekunde imefika karibu mita 300, nayo imeshuka kimo kilekile cha meza. Ndiyo maana mlengaji huinua mtutu kidogo. Kwenye mita 1,000 kushuka huko hupita mita 10, yaani kimo cha mnazi.

Hesabu ingeishia hapo kama isingekuwa hewa. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alitundika ubao mzito kama pembea, akaupiga risasi na kupima umesogea kiasi gani, ili ajue kasi ya risasi. Akagundua kwamba risasi yenye kasi hukabwa na hewa kwa nguvu kubwa kuliko watu walivyokuwa wakidhani. Wenye magobore mnalijua hilo hata bila pembea: risasi ya mviringo kama gololi hufa nguvu upesi, ile iliyochongoka huenda mbali. Na hewa yenyewe haifanani. Hii ya pwani ni nzito, ya uwanda wa juu wa Rondo ni nyepesi, kwa hiyo bunduki iliyorekebishwa hapa Lindi mjini itapiga juu kidogo kule kwa shabaha za mbali. Kisha kuna upepo. Kusi ikivuma kwa kilomita 16 kwa saa ikikata njia ya risasi, kwenye mita 1,000 inaisukuma pembeni zaidi ya mita 2. Ulilenga ubao, umepiga kichaka.

Sasa nije kwenye swali ambalo vijana wenye leseni huniuliza kila mara: twende wapi tukafanye mazoezi ya mbali? Wakiuliza hivyo huwa wanatafuta uwazi. Wanataja ufukwe, wanataja mashamba ya chumvi, kwa kuwa jicho linaona mbali. Mimi nawaambia wasitafute uwazi, watafute kizuizi. Risasi hii ikirushwa kwa mshazari juu huweza kuangukia karibu kilomita 4 mbali. Ukikosa ubao, itaishia wapi?

Nilikuwa na miaka 24. Mwenzangu na mimi tulisimamisha debe ukingoni mwa mkondo wa maji ya chumvi, nyuma yake maji matupu, kisha mikoko. Risasi ya tatu iligonga maji. Haikuzama. Tulisikia mvumo, vuuu, ukapita juu ya mikoko. Hatujasema neno, mtumbwi ukachomoza kwenye kona, ndani watoto wawili na tenga la kaa. Wakatupungia mkono. Usiku ule sikulala, na hadi leo nikisikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi moyo unashtuka.

Risasi ikigusa maji kwa pembe ndogo huruka, kama kigae ambacho watoto hukirusha ufukweni, na hakuna ajuaye itaelekea wapi. Mkoa wetu ndio uliowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905, kule Nandete. Wazee wetu waliambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji, wakaenda na ujasiri ambao nauheshimu mno. Lakini mtu wa leo anayesema "napiga kuelekea baharini, hakuna neno," naye anayategemea maji yaleyale.

Mnachotaka ni bonde lenye mteremko mrefu wa udongo nyuma ya shabaha, usio na mawe, maana jiwe nalo hurusha risasi. Chini ya mikorosho, hapana kabisa: matawi hugusa ardhi, na msimu wa kuokota huwezi kuona aliyeinama ndani. Mwenyekiti wa kijiji ajue. Polisi wajue, na kibali kiwe mkononi. Bendera nyekundu ipandishwe, na kila njia ya miguu iwe na mtu anayeilinda.

Mara ya kwanza nendeni bila bunduki. Tembeeni hadi nyuma ya mteremko huo, mkatazame kuna nyumba ya nani.