Foliki asidi: tusome tarakimu kabla ya kumeza

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mliowasindikiza hapa Lindi, naomba mtazame mkononi mwangu. Hiki ni kidonge cha vitamini iitwayo foliki asidi, chenye maikrogramu 400. Na hiki cha njano, ambacho kwa macho ni kidogo tu, kina miligramu 5, yaani zaidi ya mara 12 ya kile cha kwanza. Dukani vyote huitwa jina moja, na hapo ndipo wengi hukosea.

Maikrogramu 400 ndizo anazohitaji kila siku mwanamke anayetarajia kubeba mimba, naye aendelee nazo hadi wiki ya 12. Aanze mapema kwa sababu mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambao wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Anayesubiri kadi ya kliniki amekwisha kuchelewa kwa suala la mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa mfereji huo haujafunga vizuri mgongoni, ingawa vidonge atakavyopewa huko, vyenye madini chuma pamoja na foliki asidi, bado vitamkinga na upungufu wa damu. Mbaazi na kunde zetu zina foleti, yaani vitamini hiyohiyo katika umbo lake la asili, tuzile kwa wingi, lakini zisitufanye tukiache kidonge.

Cha miligramu 5 ni cha kuandikiwa na daktari: kwa aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, kwa mwenye sikoseli, na kwa baadhi ya wanaotumia dawa za kifafa.

Sisi wa kusini, ambako malaria haijatuacha, tuna la kuangalia zaidi. Vidonge vitatu vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, mnavyomeza mbele ya muuguzi huzuia vimelea vya malaria visijitengenezee foleti. Mama akiwa anameza foliki asidi ya miligramu 5 kila siku, SP hupungua nguvu, naye hubaki akidhani amekingwa. Hili linaniuma, kwa kuwa anayekinunua hukinunua kwa kumpenda mwanawe. Kile cha maikrogramu 400 hakina ugomvi na SP. Basi mkienda kliniki, chukueni pakiti yenyewe, mumwonyeshe muuguzi tarakimu iliyoandikwa nyuma, kabla hajawapa maji ya kumezea SP.