Ngumi ni Kachumbari: Mashujaa wa Kike katika Filamu za Mapigano

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa filamu, dada zangu na kaka zangu, asanteni kwa kunialika. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, zenu nimezipokea tangu mlangoni.

Nianzie kwenye mahandaki ya Ubelgiji. Katika filamu ya Wonder Woman ya mwaka 2017, Diana, ndiye Wonder Woman mwenyewe, anafika mstari wa mbele wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama mmoja aliyepakata mtoto anamweleza kwamba kijiji chao kule ng'ambo kimetekwa na watu hawana chakula. Diana anataka kwenda. Steve, aliyemleta, anamwambia haiwezekani: askari wamekwama humo karibu mwaka mzima, hawajasogea. Ni kauli ya mtu anayeijua vita, wala hasemi uongo. Diana anavua koti, anapanda ngazi, anatoka.

Sasa angalieni anachokifanya huko juu. Mwanzoni hampigi mtu. Anatembea tu, risasi zinakuja, anazikinga kwa bangili, kisha kwa ngao, hadi bunduki za upande wa pili zote zinamwelekea yeye, na wale askari waliojikunyata handakini wanapata mwanya wa kuinuka. Mwongozaji Patty Jenkins ameeleza kwamba wakati wa matayarisho wapo waliomshangaa: hapo anapigana na nani? Swali zuri. Mimi ninavyoona, shujaa wa kike anatuinua vitini pale filamu inapomwachia yeye uamuzi. Ngumi ni kachumbari; pilau ni uamuzi.

Mwenye shaka akaitazame Catwoman ya mwaka 2004. Mwigizaji ni Halle Berry, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amechukua Oscar. Anaruka, anakwea kuta, ana kiboko mkononi na vazi la ngozi lililochanwachanwa. Na vita vyake ni vya nini? Krimu ya uso yenye madhara. Wakampa misuli ya paka, wakasahau kumpa jambo zito la kuamua. Filamu ilianguka, ikapewa tuzo za mzaha za filamu mbovu, na Berry, kwa ujasiri ambao mimi naupenda kuliko filamu yenyewe, alikwenda kuipokea yake mwenyewe jukwaani, ameshika na Oscar yake. Mwaka uliofuata Elektra, nayo ya shujaa wa kike, ikaanguka.

Basi ikawa ndiyo hoja: watazamaji hawamtaki shujaa wa kike. Haya, mwaka 2011 Green Lantern ya Ryan Reynolds ilianguka vibaya. Mlimsikia nani akisema watu wamechoka na mashujaa wa kiume? Miaka mitano baadaye Reynolds huyo huyo akarudi kama Deadpool, akajaza majumba ya sinema. Mwanamume akishindwa, filamu ndiyo mbovu. Mwanamke akishindwa, wanawake ndio wabovu. Wonder Woman alizaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1941. Superman alipata filamu yake kubwa mwaka 1978, Batman 1989. Mwenzao akasubiri hadi 2017, na alipofika akavuna zaidi ya dola milioni 800 duniani. Captain Marvel mwaka 2019 ikapita bilioni moja. Mwaka 2023 mwendelezo wake, The Marvels, ulipodorora, maneno yale yale ya 2005 yakafufuka bila hata kubadilishwa nguo.

Lakini Diana ni mtoto wa miungu, na mtu anaweza kuniambia kwamba mwenye damu ya miungu ujasiri haumgharimu kitu. Nakubali, kwa kiasi. Ndiyo maana ninayempenda zaidi ni Okoye wa Black Panther, ya mwaka 2018, mkuu wa kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Huyu hana nguvu za ajabu hata chembe. Ana mkuki, mafunzo, na kichwa kilichonyolewa. Mnakumbuka kule Busan, Korea Kusini, amevalishwa wigi asilolipenda, mapambano yanaanza, analivua na kumrushia adui usoni? Kina dada waliowahi kukaa na wigi kwenye joto la Dar es Salaam walielewa bila tafsiri. Lakini uzito wa Okoye hauko hapo.

Uko kwenye kiti cha enzi. Killmonger amempindua mfalme T'Challa, tena kwa kufuata mila, mbele ya mashahidi. Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, anamsihi Okoye watoroke pamoja. Okoye anakataa: kiapo chake ni cha kiti, haijalishi nani amekikalia. Anamwambia mwenzake, basi itumikie nchi yako. Nakia anajibu kwamba yeye anaiokoa. Wanawake wawili, machozi yako karibu, na wote wana haki. Filamu ngapi za ngumi mmeziona ambamo wanawake wawili wanabishana kuhusu uhalali wa serikali? Baadaye T'Challa, aliyedhaniwa amekufa, akitokea hai, Okoye anageuka, na anageuka kwa hoja ya kisheria: shindano la kugombea kiti halikuisha. Mwishoni anamkabili W'Kabi, mpenzi wake. W'Kabi anamwuliza kama angemwua. Kwa ajili ya Wakanda, Okoye anajibu, bila kusita. W'Kabi anapiga magoti.

Danai Gurira, anayemwigiza Okoye, alikulia Zimbabwe. Florence Kasumba, Ayo wa kikosi hicho hicho, ni mzaliwa wa Kampala. Filamu ilipofika Kenya ilizinduliwa Kisumu, ambako gavana alikuwa baba yake Lupita, na watu walivaa kana kwamba wanakwenda harusini. Kikosi chenyewe kinafananishwa na Agojie, wanawake askari wa Dahomey, Benin ya leo, ambao walipigana na Wafaransa karne ya 19. Tuseme na la pili: ufalme ule uliuza watu utumwani, na askari hao walikuwamo katika vita vya kuwateka. Kumpenda shujaa kusitufanye tusahau hesabu.

Kuhusu mavazi na miili ya waigizaji sitakawia. Ndiyo, wengi wana miili ambayo bila mwalimu wa mazoezi na mpishi wa kukodiwa huipati. Mjadala huo ni wa haki, ila unazungumzwa mno mitandaoni kuliko hili la uamuzi.

Kwa sababu mfano wangu mkali kuliko yote hauna mwili wa mazoezi. Ni Jo, msichana wa miaka tisa katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu ya Kenya ya mwaka 2018, iliyopelekwa kuwania Oscar kwa niaba ya nchi. Jo ana ugonjwa usioponyeka, na anaota kuwa shujaa. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wote waigize kwamba mtoto huyu ana nguvu za ajabu. Mama anapinga, anataka mtoto apumzike nyumbani, na ukimsikiliza huwezi kumlaumu. Ubishi kati ya mama na dada ni mkali kuliko mapigano yoyote niliyowatajia leo. Katikati yao yuko Jo, na polepole filamu inamkabidhi yeye swali la namna ya kuzitumia siku zilizobaki.

Ambaye hajaitazama, sitamharibia zaidi ya hapo. Mwenyekiti, nadhani muda wa maswali umefika, na namwona kaka mmoja kule nyuma ameshanyosha mkono kuitetea Catwoman.