Unataka kubadilisha gari lenye mkopo? Piga hesabu hii kwanza

Habari za saa hizi, ndugu mtazamaji. Chukua daftari, kalamu na simu yenye kikokotoo. Leo tuna hesabu moja tu. Unaendesha gari la mkopo, deni halijaisha, na mtu wa yadi anakwambia: "Lete hilo, ongeza kidogo, uondoke na kubwa." Hicho kidogo ni shilingi ngapi hasa?

Mfano wangu ni Toyota IST hapa Dar es Salaam, mwenyewe anataka Harrier ya milioni 30. Namba nimezipanga mimi ili tuelewane. Wewe weka za kwako.

Anza na benki, usianze na yadi. Omba wakuandikie kwa barua kiasi cha kufunga mkopo leo. Usizidishe rejesho kwa miezi iliyobaki ukadhani ndilo deni, maana humo kuna riba ya miezi ambayo haijafika. Tazama: mkopo ulikuwa milioni 15, miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, yaani riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Rejesho ni kama 542,000 kwa mwezi. Umelipa miezi 14, imebaki 22. Ukizidisha unapata milioni 11.9, lakini salio halisi ni milioni 10.1. Sasa soma mkataba, kipengele cha kulipa kabla ya muda. Tuseme wanatoza asilimia 3 ya salio. Kufunga deni kunakuwa milioni 10.4. Andika.

Pili, thamani ya gari lako. Yadi inakupa milioni 9.5. Toa kwenye 10.4: pengo la 900,000. Deni limeizidi gari. Jaribu pia kutafuta mnunuzi wa mkononi, mara nyingi anatoa zaidi ya yadi. Ila kadi ya gari iko benki, kwa hiyo usipokee hela ya mtu ukamwahidi kadi "wiki ijayo". Mpeleke benki, alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, ninyi wote mkiwepo.

Tatu, mkopo mpya, na hapa twende taratibu. Harrier milioni 30. Jumlisha lile pengo la 900,000, kwa sababu halipotei, linahamia kwenye deni jipya na litazaa riba huko. Jumlisha ada ya mkopo, tathmini na bima ya mkopo, niseme 600,000. Una akiba ya milioni 6.5, toa. Unakopa milioni 25. Kwa miezi 60 na riba ileile, rejesho ni kama 635,000.

Muuzaji atakuonyesha namba moja tu: kutoka 542,000 hadi 635,000, nyongeza ni 93,000 kwa mwezi. Inaonekana nyepesi. Mimi niliwahi kusaini mkataba wa miaka mitano kwa kuangalia namba hiyo peke yake, na hakuna aliyeniwekea jumla mezani. Kwa hiyo leo naiweka mbele yako. Deni la zamani lilibakiza miezi 22. Jipya lina 60. Marejesho yake yote ni milioni 38.1, ongeza akiba uliyotoa, inafika 44.6. Ukibaki na IST ulikuwa umebakiza milioni 11.9. Tofauti ni zaidi ya milioni 32. Ni kweli mwishoni utakuwa na gari la thamani kubwa kuliko IST, basi kadiria Harrier hiyo itauzika kwa ngapi baada ya miaka mitano, uitoe. Kadiria kwa bei ya mnunuzi, siyo kwa mapenzi yako.

Na uulize swali hili ukiwa umekaa: riba ni ya salio linalopungua, au inapigwa kwenye mkopo mzima mwanzo hadi mwisho? Asilimia 18 ya namna ya pili, kwa milioni 25 na miaka mitano, ni riba ya milioni 22.5. Unalipa 47.5 badala ya 38.1. Asilimia ni ileile, maumivu tofauti kabisa.

Nne, gharama za kila mwezi. Gari la mkopo lazima liwe na bima kubwa. Kwa asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT ya asilimia 18, Harrier ya milioni 30 ni 1,239,000 kwa mwaka. IST ya milioni 10 ni 413,000. Tofauti ni kama 69,000 kwa mwezi. Mafuta: kilomita 1,000 kwa mwezi, IST inakwenda 13 kwa lita, Harrier kwenye foleni zetu niseme 8. Ni lita 48 zaidi, na kwa 3,000 kwa lita ni 144,000. Matairi na vipuri ulizia kwa fundi wako, usikisie. Kama gari lilishasajiliwa hapa nchini, weka pia gharama za TRA za kubadili umiliki.

Jumlisha sasa: 93,000, 69,000 na 144,000. Ni 306,000 kwa mwezi, siyo 93,000. Na baada ya mwezi wa 22, wakati IST ingekuwa haina deni, bado una miezi 38 ya kulipa 635,000 yote.

Kama IST inakufa njiani kila wiki, au familia haienei tena, huenda bado utaamua kubadilisha, na ni haki yako. Lakini kama inatembea, jaribu njia hii kwenye daftari: kila mwezi weka pembeni ile 306,000. Baada ya miezi 22 ni milioni 6.7. Pamoja na akiba yako, milioni 13.2, na kadi ya IST iko mkononi mwako. Iuze hata kwa milioni 8, unaingia yadi na milioni 21 taslimu.