Jua si Moto

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa mlangoni, nimelisema hili hapa Malindi mara nyingi na leo nalirudia: tuache kuwafundisha watoto kwamba jua ni moto. Moto unataka hewa na kuni. Nguvu za jua zatoka kiinini, haidrojeni inapoungana kuwa heliamu. Na huko juu, kwenye anga lake, mwenye amri ni sumaku.

Uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi. Panda hadi kwenye lile taji linaloonekana jua likipatwa kabisa, joto linapita nyuzi milioni 1. Moto gani huo, ukiuacha nyuma ndipo unazidi kuunguza?

Hebu sikilizeni. Anga hilo ni plazma, gesi ambayo atomu zake zimepokonywa elektroni, na plazma hufuatana na mistari ya sumaku. Uso wa chini hautulii, kwa hiyo mistari inasokotwa mpaka ile inayoelekea huku inabanwa na inayoelekea kule. Hapo katikati, kwenye utando mwembamba, hukatika na kuungana upya, kila mmoja na kipande cha mwenzake. Iliyoungana imejikunja mno, nayo hufyatuka kama mpira wa manati, ikiichemsha plazma na kuirusha pande mbili, mamia ya kilomita kwa sekunde.

Mtu atasema: hiyo ni nadharia tu. Wenye nadharia wenyewe hawakuridhika! Miaka ya 1950 wanasayansi Peter Sweet na Eugene Parker walipiga hesabu, ikatoka kwamba kazi hiyo ingechukua miezi. Mlipuko wa jua, ambao ndio mfyatuko huo, hufumuka kwa dakika. Hesabu ikarudiwa kwa miongo, hadi ikaonekana kwamba utando ukirefuka mno hukatikakatika kuwa visiwa vidogo vya sumaku, na mambo yakaenda mbio.

Na mvuvi wa Mayungu yamhusu nini? Jipiesi (GPS) yake, ile ya kumwonyesha njia baharini, husikiliza setilaiti kupitia tabaka la juu la hewa yetu, na dhoruba ya jua, inayozaliwa na milipuko hiyo, hulivuruga tabaka hilo. Machi 1989 dhoruba kama hiyo ilizima umeme Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani.

Tena, hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani. Kwa eksirei hizohizo ndipo taji la jua huonekana vizuri. Halafu mtoto wa Ngomeni anaambiwa jua ni moto!

Upepo wa jua, ile plazma inayotiririka kutoka kwenye taji, sikuugusa, wala chombo cha angani chenye jina la Parker huyohuyo, kilicholisogelea jua hadi kubaki kilomita milioni 6.1 Desemba 2024. Muda umekwisha. Binti mwenye daftari, uliza.