Zawadi ya mtu wa mbio ndefu ianzie miguuni

Haya karibuni, wa nyuma sogeeni mbele kidogo. Nimeombwa niongelee zawadi za kumpa mtu wa mbio ndefu, awe wa marathoni, triathloni (ile ya kuogelea, baiskeli na kukimbia) au zile za siku nzima milimani, na mimi leo nakaa miguuni tu maana ndiko kunakosahaulika.

Wengi wenu mkisikia mkimbiaji mnawaza viatu. Naombeni msinunue viatu. Mguu ukikimbia masaa mengi unavimba, ulivyo asubuhi sivyo ulivyo kilomita ya 30, na mbele ya kidole kirefu inatakiwa ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba, sasa wewe uko dukani peke yako hayo utayajuaje? Mwache ajipimie mwenyewe.

Ila soksi nunua. Mkisahau yote niliyosema, soksi msisahau. Lengelenge linakuja hivi: kila hatua mfupa unasogea huku ngozi imeng'ang'ania soksi, zile tabaka za ngozi zinavutana mpaka zinaachana na maji yanajaa katikati, na marathoni ni kilomita 42.195, hatua zaidi ya 30,000, halafu jasho likiingia ngozi inalainika na kunata zaidi. Pamba inanyonya jasho inakaa nalo, ndo maana soksi za pamba hapana, tafuta sufu ya merino, yaani sufu laini ya kondoo, au za sintetiki, zile nyuzi za kiwandani. Lakini kwanza muulize anaumia wapi! Anayetoka malengelenge katikati ya vidole mpe soksi zenye vidole kama glovu, wa kisigino mpe zile za tabaka mbili, zinateleza zenyewe kwa zenyewe badala ya kukwangua ngozi.

Na mpe mapema jamani. Dada yangu aliletewa soksi nzuri kabisa usiku wa kuamkia mbio, akazivaa kwa furaha, kilomita ya 25 alikuwa anatembea huku analia. Soksi hazikuwa mbaya, ila mguu wake haujawahi kuzizoea. Mimi nasema angalau mwezi mmoja kabla, azijaribu kwenye mazoezi yake marefu.

Kama unataka kumpangia kimfuko, weka mafuta mazito ya kupaka kwenye vidole na kisigino, tepu ya zinki oksaidi, ile plasta ya kubandika kwenye ngozi, na kamkasi kadogo ka kukatia hiyo tepu na kukata kona zake ziwe za duara, maana kona kali inabanduka kwenye soksi. Tepu ibandikwe kwanza kwenye ngozi kavu, mafuta yapakwe sehemu nyingine baadaye, ukigeuza haishiki. Weka na kikata kucha kizuri, kucha ndefu inagonga kiatu kwenye kila mteremko mpaka damu inavilia chini yake inakuwa nyeusi, na akate kwa mstari ulionyooka asichimbe pembeni. Wa jangwani ongezea vizuia mchanga vya kufunika kiatu, mbio kama Marathon des Sables kule Morocco ni karibu kilomita 250, mchanga ukiingia ndani ni msasa tu.

Baada ya mbio je? Hapa napapenda sana kwa sababu wengi wakishavishwa medali miguu wanaisahau. Jiwe la kusugulia na krimu ya yurea ya asilimia 10 mpaka 25, anapaka usiku, sugu zinalainika. Asizimalize zote, sugu nyembamba inamlinda, ile nene yenye ukingo ndo inaotesha lengelenge chini yake ambalo hata kulitoboa huwezi. Taulo dogo la miguu peke yake pia ni zawadi, akaushe katikati ya vidole kila akioga, fangasi wanapenda unyevu.

Halafu mwenye kisukari au ganzi miguuni usimpe jiwe wala wembe, mlipie akaonwe na mtaalamu wa miguu, maana anaweza kujichuna asisikie. Haya, nani ana swali? Mama pale mbele, anza.